Mafuta ya CBD na wasiwasi wa nyakati za kifamilia: yaliyothibitishwa na yanayofaa kufanywa

Kwa wakazi wa Chimala na vijiji vya bonde la Usangu, mwaka huhesabiwa kwa mpunga. Mvua za mwisho wa mwaka hufungua msimu wa kulima na kupandikiza. Kuanzia Mei hadi Julai huwa ni mavuno. Sambamba na kalenda hiyo ya shamba ipo kalenda ya familia, ambayo haiandikwi popote. Mpunga ukishauzwa, madeni hudaiwa, harusi hupangwa, na ndugu hukaa kugawana kilichotoka katika shamba la urithi. Desemba, watoto walioko Dar es Salaam, Mbeya na Tunduma hurejea nyumbani kwa sikukuu. Januari huingia na sare, madaftari na michango ya shule. Na msiba, kama tujuavyo, haungoji msimu.

Nyakati hizo ndizo zinazotukutanisha, na ndizo pia zinazotuchosha akili. Mtu hukosa usingizi juma zima kabla ya kikao cha mirathi. Mama anayetarajiwa kuwapokea wageni kumi na watano huanza kuumwa tumbo siku tatu kabla ya sikukuu. Katika kliniki za afya ya akili tumeanza kuulizwa swali ambalo miaka kumi iliyopita lilikuwa nadra: "Daktari, nimesikia kuna mafuta ya CBD yanayotuliza moyo. Je, niyatumie?"

Jibu fupi ni kwamba mafuta hayo hayafai kutegemewa kwa tatizo hili. Lakini jibu fupi halimtoshi mtu asiyelala usiku, wala halimtoshi mhudumu wa afya anayepaswa kumweleza mgonjwa sababu. Makala haya yanaeleza sababu hizo, kisha yanaonyesha njia zinazosaidia na zinazopatikana hapa hapa.

Wasiwasi wa kawaida na wasiwasi ulio ugonjwa

Wasiwasi ni sehemu ya mwili wenye afya. Ubongo ukihisi tishio hutoa amri, na homoni ya adrenalini humwagwa katika damu: moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza, tumbo huvurugika. Maandalizi hayo yalimfaa binadamu aliyekutana na simba. Hayamfai sana mtu aliyeketi mkekani akisubiri shemeji yake aanze kuzungumzia nyumba ya marehemu, kwa kuwa hapo hapana pa kukimbilia wala wa kupigana naye. Hata hivyo, jambo likipita, mwili hutulia wenyewe.

Wasiwasi huwa ugonjwa unapodumu kwa miezi, unapozidi mno sababu yake, na unapomzuia mtu kulala, kufanya kazi au kukaa na wenzake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, na kwamba takriban mmoja tu kati ya wanne wanaohitaji matibabu ndiye huyapata. Tofauti kati ya hali hizi mbili ina uzito, kwa sababu wauzaji wa mafuta huzichanganya. Mwenye wasiwasi wa kawaida huuziwa kitu asichokihitaji, na mwenye ugonjwa hucheleweshwa kufika kwenye tiba anayoihitaji.

CBD ni kitu gani

CBD ni ufupisho wa kanabidioli, mojawapo ya kemikali zaidi ya mia moja zilizomo katika mmea wa bangi. Mwanakemia wa Marekani, Roger Adams, aliitenganisha na mmea huo mwaka 1940. Mwaka 1963 Raphael Mechoulam na wenzake nchini Israel walieleza umbo lake, na mwaka uliofuata wakaitenganisha kemikali nyingine ya mmea huo huo iitwayo THC. Hii THC ndiyo inayolevya. Kwa upande wa CBD, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliipitia mwaka 2018 na kueleza kwamba ikiwa peke yake hailevyi wala haionyeshi dalili za kuleta uraibu.

Hapa ndipo kosa kubwa huanzia. Mtu husikia kwamba "kitu cha kwenye bangi hutuliza", kisha huvuta bangi, au huichemsha katika mafuta ya kupikia na kunywa kijiko kimoja kila usiku. Bangi inayopatikana mitaani hutafutwa kwa sababu ya THC yake, na THC kwa kipimo kikubwa huongeza hofu badala ya kuipunguza. Huweza kumletea mtu shambulio la woga, kumfanya ahisi kwamba watu wanamsema au wanamfuatilia, na kwa baadhi ya watu, hasa vijana, kuchochea ugonjwa mkubwa wa akili. Anayetaka kutulia kabla ya kikao cha ukoo anaweza kuingia kikaoni akiwa na hofu zaidi kuliko alivyotoka nyumbani.

Utafiti na hesabu ya chupa

Si kweli kwamba CBD haina ushahidi wowote. Kuna dawa ya CBD iliyosafishwa kiwandani ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, na mwaka 2020 ikaongezwa aina ya tatu. Hiyo hutolewa na daktari, hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, na ini la mgonjwa huchunguzwa kabla na wakati wa matibabu. Haikuidhinishwa kwa wasiwasi.

Kuhusu wasiwasi, tafiti zinazotajwa zaidi zilifanyika Brazil. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2011, watu 24 wenye woga mkubwa wa kujumuika na watu walitakiwa kutoa hotuba. Nusu yao walipewa miligramu 600 za CBD kabla ya hotuba, na nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa CBD walipungukiwa na hofu. Utafiti wa baadaye, kwa watu wasio wagonjwa, ulionyesha kuwa miligramu 300 zilipunguza wasiwasi wa kuhutubia, ilhali miligramu 100 hazikutosha na miligramu 900 hazikusaidia. Ni matokeo ya kuvutia, lakini washiriki walikuwa wachache, walipewa dozi moja tu, na walipimwa kwa hotuba ya dakika chache. Mgogoro wa shamba la urithi unaodumu tangu mavuno hadi Krismasi ni jambo jingine.

Sasa tufanye hesabu ambayo kila mgonjwa anaweza kuifuata. Chimala iko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, na bidhaa za kusini mwa Afrika hupita mlangoni petu. Mwaka 2019 Afrika Kusini iliruhusu bidhaa za CBD ziuzwe bila cheti cha daktari kwa masharti mawili makuu: mtumiaji asizidishe miligramu 20 kwa siku, na pakiti nzima isizidi miligramu 600. Anayefuata maelekezo hayo anapata sehemu moja ya kumi na tano ya kile kipimo cha miligramu 300 kilichosaidia katika utafiti. Na akitaka kukifikia kipimo hicho, pakiti nzima itamwishia kwa siku mbili. Kwa maneno mengine, kipimo kinachoruhusiwa dukani ni kidogo mno kuweza kufanya kile kinachotangazwa, na kipimo cha utafiti hakiwezi kupatikana kwa chupa bila gharama kubwa na bila uangalizi wa daktari.

Mbona basi wapo wanaosema yaliwasaidia? Hawasemi uongo. Mtu akitarajia kutulia, mara nyingi hutulia kwa kiasi. Ndiyo maana watafiti hulazimika kutumia kidonge kisicho na dawa ili kulinganisha. Aidha, wasiwasi wa sikukuu au wa arusi huisha wageni wanapoondoka. Chupa husifiwa kwa kazi iliyofanywa na muda.

Lebo si ushahidi

Hata hesabu hiyo inadhani kwamba maandishi ya kwenye chupa ni ya kweli. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa bidhaa 84 za CBD walizozinunua katika intaneti. Ni bidhaa 26 tu, chini ya theluthi moja, zilizokuwa na kiasi cha CBD kinacholingana na lebo. Bidhaa 18 zilikutwa na THC. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye maabara na mahakama za walaji, chupa iliyopitishwa kwenye mabegi ya wasafiri au kuuzwa kwa ujumbe wa simu haina wa kuisemea.

Hatari kwa anayetumia dawa nyingine

CBD husafishwa na ini, na huvizuia baadhi ya vimeng'enya vya ini ambavyo dawa nyingine huvitegemea. Madhara yake ya kawaida ni usingizi, kuharisha na kupoteza hamu ya kula. Kwa kipimo kikubwa huweza kudhuru ini. Hatari huongezeka kwa makundi yafuatayo.

Wagonjwa wa kifafa. CBD ikichanganywa na valproati huongeza uwezekano wa ini kuumia, na ikichanganywa na fenobabitoni huzidisha usingizi. Lililo baya zaidi ni mgonjwa kuacha vidonge vyake kwa sababu amesikia kuwa CBD hutibu kifafa huko ng'ambo. Kuacha dawa za kifafa ghafla huweza kuleta degedege mfululizo linaloua. Mahali ambapo watu hupikia moto wa wazi na kufanya kazi kandokando ya mifereji ya mpunga, hata degedege moja huweza kuwa ajali ya moto au ya maji.

Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. CBD huweza kupandisha nguvu ya warfarini na kusababisha kutokwa na damu.

Wagonjwa wa kifua kikuu na waishio na virusi vya UKIMWI. Rifampisini hupunguza kiasi cha CBD mwilini, hivyo fedha hupotea bure. Isoniazidi nayo ina mzigo wake kwa ini, na si busara kuuongeza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya virusi vya UKIMWI Tanzania Bara. Maana yake ni kwamba katika ukanda huu watu wengi humeza dawa kila siku ya maisha yao. Lolote linaloongezwa juu ya dawa hizo lazima lijulikane na kliniki.

Wajawazito na wanaonyonyesha. Hawa wasitumie kabisa CBD wala bangi ya aina yoyote.

Sheria

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha, kuuza na kutumia bangi hapa Tanzania. Malawi na Zambia zimefungua njia ya kilimo cha bangi cha tiba na viwanda kwa leseni, lakini ruhusa ya huko haivuki mpaka wa Kasumulu wala wa Tunduma. Dawa halali kwa mgonjwa wa Tanzania ni ile inayotambuliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtu anayetafuta utulivu hana faida ya kujiongezea wasiwasi wa mahabusu.

Kinachosaidia

La kwanza ni kulishughulikia jambo lenyewe. Wasiwasi wa kifamilia mara nyingi una anwani: deni, mgao, mgonjwa asiye na wa kumuuguza, maneno yaliyosemwa msibani. Yaandike mambo yote yanayokusumbua katika karatasi. Chagua moja. Jiulize ni hatua gani ndogo inayowezekana wiki hii, na nani atakusaidia. Wiki ijayo angalia ilikwendaje. Njia hii inaonekana nyepesi, lakini ndiyo msingi wa mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda. Huko akina bibi waliopewa mafunzo huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwaongoza hatua kwa hatua. Washona wana neno, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi; sisi husema fulani "ana mawazo". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukihusisha wagonjwa 573 katika zahanati 24, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache za wasiwasi na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

La pili ni kuandaa kikao kabla kikao hakijakuandaa wewe. Ukoo mwingi una mtu anayesikilizwa na pande zote: shangazi, baba mkubwa, kiongozi wa dini. Mwombe aongoze. Kubalianeni mapema ni jambo gani litazungumzwa na lipi litaachwa. Bajeti ya arusi au ya msiba iandikwe, na kazi za wageni zigawanywe kwa majina, ili mzigo usimwangukie dada mkubwa peke yake kwa kuwa tu amezoeleka kuubeba.

La tatu ni mwili. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, toa taratibu ukihesabu hadi sita, kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mapigo ya moyo, na hakuna atakayegundua hata ukiifanya mkekani katikati ya watu. Linda usingizi. Punguza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Jihadhari na pombe, iwe bia, komoni au ulanzi: hutuliza kwa saa mbili tatu, kisha huurudisha wasiwasi alfajiri ukiwa umezidi.

La nne ni tiba ya kitaalamu kwa wasiwasi uliokuwa ugonjwa. Mazungumzo ya tiba husaidia, na zipo dawa kama fluoksetini ambazo huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki kadhaa. Zinahitaji subira na usimamizi. Diazepamu hutuliza haraka, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu huleta utegemezi. Isinunuliwe dukani kwa mazoea.

Kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa hatakutajia mafuta ya CBD asipoulizwa, na akiulizwa kwa ukali atakana. Swali lifuatalo hufungua mlango: "Mama, mbali na dawa tulizokupa, kuna kitu kingine unachotumia ili utulie au upate usingizi? Wengi hutumia, na tukijua tutakuhudumia vizuri zaidi." Akijibu ndiyo, uliza ni kiasi gani, tangu lini, na kama kuna dawa yake aliyoiacha. Mhakikishie kwamba maelezo yake ni siri ya matibabu.

Kwa uchunguzi wa haraka, uliza mambo mawili: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi amesumbuliwa na hali ya woga au kutotulia, na ni mara ngapi ameshindwa kuuzuia wasiwasi wake. Kila jibu lipe alama: hakuna kabisa 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku hizo 2, karibu kila siku 3. Jumla ikifika 3 au zaidi, endelea na uchunguzi kamili.

Usisahau kwamba wasiwasi huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa mwili. Shika shingo: Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa muda mrefu kwa ugonjwa wa tezi la shingo, na tezi linalofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya haraka, mikono kutetemeka na kukosa usingizi. Pima wingi wa damu, sukari na shinikizo. Uliza kuhusu pombe.

Kisha uliza bila kuzunguka kama mgonjwa amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Katika jamii ya wakulima, viuatilifu huwa karibu mno na kitanda. Ishauri familia ivifungie mahali penye kufuli. Mgonjwa mwenye mawazo hayo asiachwe peke yake, na apewe rufaa siku hiyo hiyo.

Mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kwa wakazi wa Chimala ipo hospitali ya misheni pale pale mjini, na hospitali ya wilaya ya Mbarali iko Rujewa. Wanaohitaji daktari bingwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Na wewe msomaji ambaye tayari umeanza kutumia mafuta hayo, usione aibu wala usijifiche. Acha kuyatumia, usiache dawa zako nyingine hata moja, na katika hudhurio lako lijalo mweleze mhudumu wako ulikuwa unatumia nini na ni jambo gani lililokukosesha usingizi. Sehemu hiyo ya pili ya maelezo ndiyo itakayotuonyesha tiba.